Nyumba za Mawe Zina Wenyewe

Wenzangu wa Kitivo cha Lugha, litamkeni polepole jina Zimbabwe. Wengi hulieleza kwa Kishona: dzimba dza mabwe, nyumba za mawe. Mluba hahitaji kamusi hapo. Kwao jiwe ni dibwe, na yakiwa mengi ni mabwe.

Hata hivyo, walowezi walidai kuta zile, zilizopangwa jiwe juu ya jiwe bila chokaa, nyingine zikifikia mita 11, ni kazi ya Wafoinike au malkia wa Sheba. Mwaka 1905 Randall-MacIver alichimba akasema ni kazi ya Waafrika. Mwaka 1929 Caton-Thompson akathibitisha. Serikali ya walowezi ikaendelea kuziba masikio.

Nakiri, jina peke yake halimthibitishi mjenzi, maana watu huweza kuyapa jina magofu waliyoyakuta. Vigae vya vyungu ndivyo vilivyoamua kesi. Lakini sisi tunaosomea lugha tunaandika "Great Zimbabwe" katika kazi zetu za Kiswahili, kana kwamba mji ule ulibatizwa na Waingereza. Mimi nimeacha. Naandika Zimbabwe Kuu, hata mwalimu akipiga mstari mwekundu.