Eti "ni uzee tu"!

Wadau, leo nina hasira. Nivumilieni.

Bibi yangu ana miaka 78. Tulipomleta mjini kutoka Shinyanga alikuwa hali vizuri, haendi tena jumuiya, na saa tisa usiku yuko macho. Tukampeleka hospitali. Kiswahili chake si kizuri, hivyo nikasimama pembeni namtafsiria Kisukuma. Jibu tulilopewa: "Huu ni uzee tu, mpeni uji." Basi!

Mimi si daktari, ni mwandishi wa habari. Nikaanza kusoma jinsi mzee anavyopimwa sonona.

Dodoso maarufu ni PHQ-9, lililotoka mwaka 2001. Lina maswali 9 kuhusu wiki mbili zilizopita, kila jibu lina alama 0 hadi 3. Kwa kawaida ukifikisha 10 kati ya 27, unatakiwa kuchunguzwa zaidi. Ni fupi na ni la bure. Tatizo liko wapi? Baadhi ya maswali ni ya mwili: usingizi, hamu ya kula, uchovu. Mzee gani mwenye kisukari na magoti mabovu atakosa alama hapo? Utamhesabia sonona asiyokuwa nayo. Au utafanya kama yule daktari wetu: unafuta kila dalili kwa kusema ni uzee.

Yesavage na wenzake kule Marekani waliliona hilo mapema. Kipimo chao cha GDS kilitoka mwaka 1983 kikiwa na maswali 30, kikafupishwa kuwa 15 mwaka 1986. Kilitungwa kwa ajili ya wazee. Usingizi na chakula hakiulizi. Kinauliza ya moyoni: umeridhika na maisha yako? Unajiona huna thamani? Majibu ni ndiyo au hapana, basi.

Lakini msikimbilie kukivisha taji. GDS hakiulizi waziwazi kama mzee anawaza kujidhuru; PHQ-9 inauliza. Na mzee aliyepoteza kumbukumbu atajibuje? Kwa huyo kuna kipimo cha Cornell cha mwaka 1988, ambacho humuuliza pia anayemtunza.

Msimamo wangu ni huu. Kwa mzee mwenye akili timamu, anzeni na GDS, kisha mwongeze lile swali la kujidhuru. Hata hivyo kipimo ni chekecheo tu, si hukumu. Kinaonyesha nani achunguzwe, na sonona ya uzeeni inatibika.

Najua mtasema foleni ni ndefu. Maswali 15 ni dakika chache! Presha mnampima kila mzee anayeingia, huzuni yake mnaiachia uji?

Tena aulizwe faraghani, na mtu anayejua lugha yake, asiye wa nyumbani kwake. Hapo nami najilaumu. Bibi gani atatamka kwamba amechoka kuishi, wakati anayemtafsiria ni mjukuu wake?

Juzi nilimuuliza swali moja tu la GDS: bibi, unaona maisha yako ni matupu? Akatazama mlangoni kama kuna mtu anasikiliza, kisha akasema ndiyo.

Wiki ijayo tunampeleka kwa daktari mwingine, kuna muuguzi Msukuma. Safari hii mimi nitasubiri nje.