Shule ya Mbio Huanza kwa Breki



Yupo mtu mzima, mwenye leseni ya udereva kwa muda wa miaka ishirini, ambaye Jumamosi huamka alfajiri na kuondoka na gari lake la zamani kwenda shuleni. Akifika huketi darasani pamoja na wenzake, kalamu mkononi, akafundishwa namna ya kushika usukani na namna ya kukanyaga breki. Labda utacheka na kuuliza: dereva wa miaka ishirini afundishwe nini tena? Swali hilo ndilo tutakalolizungumza leo, kwa maana jibu lake linamhusu kila mwenye kuendesha gari, na linamhusu zaidi kila mwenye kupanda gari linaloendeshwa na mwingine.

Watu wa namna hiyo si wachache huko Marekani. Si madereva wa kulipwa, bali ni washindani wa ridhaa. Siku za kazi utawakuta ofisini, kiwandani au dukani, na mwishoni mwa juma huenda kwenye viwanja vya mbio kwa gharama zao wenyewe. Chama chao mashuhuri, Sports Car Club of America, kiliundwa mwaka 1944. Chama hicho hakimruhusu mgeni kuingia mashindanoni ati kwa sababu tu ana gari na ana moyo. Sharti kwanza apimwe na daktari, kisha asomeshwe, na wakufunzi waridhike naye.

Miongoni mwa walioipa heshima elimu hii ni Bob Bondurant, aliyezaliwa mwaka 1933. Mwaka 1964, yeye na mwenzake Dan Gurney walishinda katika daraja la magari ya aina yao kwenye mbio za saa 24 za Le Mans, nchini Ufaransa. Mwaka 1967, akiwa mashindanoni huko Watkins Glen, katika jimbo la New York, chuma cha usukani kilikatika gari likiwa katika mwendo wa zaidi ya kilomita 200 kwa saa. Gari lilipinduka, naye akaumia miguu vibaya mno. Kitandani hospitalini, wakati ambapo haikujulikana kama atatembea tena sawasawa, ndipo alipoanza kupanga namna ya kuwafundisha wengine. Mwaka 1968 akafungua shule yake huko California.

Katika wanafunzi wake wa mwanzo alikuwamo mcheza sinema Paul Newman, aliyekuwa akijiandaa kwa filamu ya Winning iliyotoka mwaka 1969. Newman alikuwa na umri wa miaka 43. Mtu aliyezoea kupigiwa makofi dunia nzima alikubali kuketi katika kiti cha mwanafunzi na kuambiwa kwamba anakata kona vibaya. Filamu ilikwisha, lakini mapenzi ya usukani hayakwisha. Mwaka 1972 aliingia mashindanoni kwa dhati, na katika orodha ya washindani alijiandikisha kwa jina la P. L. Newman tu, bila mbwembwe za sinema. Baadaye alitwaa ubingwa wa taifa wa washindani wa ridhaa mara nne. Mwaka 1979 yeye na wenzake walishika nafasi ya pili Le Mans, na mwaka 1995, akiwa na umri wa miaka 70, alikuwa katika kikosi kilichoshinda daraja lake kwenye mbio za saa 24 za Daytona. Waliosema kwamba elimu haina mwisho hawakukosea.

Moja ya magari ambayo Newman aliyashindania katika miaka yake ya mwanzo ni Datsun 510. Wazee wetu walilijua gari hilo kwa jina la Datsun 1600. Halikutengenezwa kwa ajili ya mbio. Lilikuwa gari la familia, la kumpeleka baba kazini na watoto shuleni. Hata hivyo mwaka 1970 Edgar Herrmann na Hans Schüller walilitumia gari la aina hiyo kushinda mbio za Safari za Afrika Mashariki, zile zilizowafanya watu siku za Pasaka wasimame kandokando ya barabara wakila vumbi, au wategee redio masikio. Huko Marekani nako John Morton alilitumia gari hilo kushinda ubingwa wa magari madogo katika mashindano ya Trans-Am mwaka 1971 na mwaka 1972. Leo magari hayo ni ya kale, na wenyewe huyatunza kama vyombo vya arusi.

Kwa nini mwanafunzi achague gari kuukuu? Kwa sababu gari la namna hiyo halimfichi dereva makosa yake. Magari mengi ya siku hizi yana vyombo vya umeme vinavyozuia magurudumu yasikwame wakati wa kufunga breki, na vingine vinavyolirudisha gari njiani linapoanza kuserereka. Datsun ya zamani haina hata kimoja cha hivyo. Mbele ina breki za sahani na nyuma ina breki za ngoma, na zikichemka kwa kukanyagwa ovyo hupoteza nguvu. Dereva akikosea, gari humwambia papo hapo.

Sasa tufuatane na mwanafunzi huyo katika siku zake mbili.

Jumamosi asubuhi hakuna mbio. Kwanza gari hukaguliwa. Nati za magurudumu zimekazwa? Betri imefungwa imara? Mafuta ya breki yanafaa? Kisha kila kitu kisichofungwa hutolewa ndani ya gari, kwa maana hata chupa tupu ya maji yaweza kubiringika ikaingia chini ya kanyagio la breki, na hapo mguu utakanyaga bure. Ukaguzi huo hauhitaji utajiri. Unahitaji mtu mwenye macho na subira.

Baada ya hapo ni darasani. Mkufunzi huchora ubaoni matairi manne na kueleza jambo ambalo wengi wetu hatulifikirii: sehemu ya tairi inayogusa ardhi ni kama kiganja cha mkono tu. Gari zima, pamoja na watu waliomo, hushikwa na viganja vinne. Nguvu ya viganja hivyo ni kama mshahara wa mwezi. Ukiutumia wote kwa kodi ya nyumba, hubakiwi na kitu cha chakula. Vivyo hivyo, dereva akiitumia nguvu yote kwa breki, haibaki ya kukatia kona, na gari litakwenda moja kwa moja hata akizungusha usukani. Kwa hiyo mwanafunzi hufundishwa kupunguza mwendo gari likiwa limenyooka, kisha akate kona, kisha aongeze mafuta polepole usukani unapoanza kunyooka. Kila kazi kwa wakati wake.

Mchana huingia uwanjani. Mkufunzi hukaa kando yake, wote wamevaa kofia ngumu na kufunga mikanda. Hapo ndipo dereva wa miaka ishirini hujiona mgeni. Huambiwa asitazame boneti bali atazame mbali, kule anakotaka gari liende, kwa maana mkono hufuata jicho. Gari likianza kuserereka, mwenye kukodolea macho koni iliyowekwa kando ya njia huigonga koni hiyohiyo, na mwenye kutazama njia huweza kurudi njiani. Hufundishwa pia kubadili gia huku ncha ya mguu wa kulia ikiwa juu ya breki na upande wa mguu huohuo ukigusa mafuta kidogo, ili mzunguko wa injini ulingane na wa magurudumu na gari lisishtuke. Jioni miguu huuma, na majivuno yamepungua.

Jumapili hutangulia masomo ya bendera. Ya manjano ni hatari mbele, wala hairuhusiwi kumpita mtu. Ya manjano yenye mistari myekundu ni utelezi. Nyekundu ni kusimamisha mbio. Asiyezijua bendera hana ruhusa ya kushindana, hata gari lake liwe na nguvu kiasi gani. Kisha, mara nyingi, siku humalizika kwa zoezi la kuanza mbio na shindano fupi.

Katika shindano hilo kuna somo kubwa. Yupo anayetaka kuonekana shujaa, akachelewa kufunga breki hadi dakika ya mwisho. Huingia konani kwa kishindo, akapeperuka hadi ukingoni, na wakati akihangaika kulirudisha gari njiani, mwenziwe aliyepunguza mwendo mapema huongeza mafuta na kumpita kwenye mnyooko. Saa ya mwamuzi haijui maringo. Tumezoea kusema kwamba haraka haraka haina baraka, tukadhani ni maneno ya kuwazuia watoto. Lakini hata mahali ambapo haraka ndiyo kazi yenyewe, ushindi ni wa yule ajuaye kupunguza mwendo.

Najua, ndugu msomaji, utasema kwamba huu ni mchezo wa wenye fedha. Ni kweli kwamba matairi na petroli hula fedha nyingi, na ni kweli pia kwamba watu wameumia na kufa viwanjani. Wala haifai mtu yeyote asome makala haya kisha aifanye barabara kuwa uwanja. Uwanjani wote huelekea upande mmoja, gari la wagonjwa husubiri, na wenye bendera hutazama. Barabarani kuna watoto watokao shule, kuna mbuzi, kuna baiskeli isiyo na taa na basi linalokuja mbele yako.

Lakini elimu ya huko haitozwi ushuru ikiletwa nyumbani. Hebu tupige hesabu. Gari lililo katika mwendo wa kilomita 100 kwa saa huenda karibu mita 28 kwa sekunde moja, na mara nyingi sekunde nzima hupita kabla mguu haujaifikia breki. Tena, mwendo ukiongezeka maradufu, kutoka kilomita 60 hadi 120 kwa saa, umbali unaohitajika kulisimamisha gari tangu breki ziliposhika hauongezeki mara mbili, bali mara nne. Hesabu hiyo haimheshimu dereva stadi wala haimwonei mwanagenzi. Ni ileile kwa Datsun na kwa basi lenye abiria sitini.

Na abiria hao ndio sisi. Tunapanda basi, dereva anapita magari mengine kwenye kona, nasi tunatazamana na kunyamaza, kwa kuona haya kumwambia mtu kazi yake. Wengine hata humsifu kwamba ana mkono mwepesi. Kumbe mwenye mkono mwepesi kweli ni yule ambaye abiria wake hawahisi breki wala kona. Basi safari ijayo, ukiona mwendo umezidi, sema kwa adabu lakini kwa sauti ya kusikika: "Dereva, tafadhali punguza mwendo." Utashangaa ni wangapi watakaokuunga mkono. Nawe mwenye gari, kabla hujawapakia watoto leo, kagua nati za magurudumu, na utazame kama hakuna chupa inayobiringika karibu na kanyagio la breki.