Mahali pa Kuundia Eropleni Nyumbani

Kati ya maswali ambayo wanafunzi wa Butembo na Beni hupenda kuuliza, liko moja ambalo wazee hulicheka: je, mtu aweza kuunda eropleni kwao nyumbani? Sisi hatulicheki. Mwaka 2011, hapo kwa jirani zetu Waganda, Chris Nsamba na wenzake walikuwa wakiunda eropleni huko Ntinda, mtaa wa Kampala; wala si kiwandani, bali uani kwa mama yake mzazi.

Lakini ua ni wa nani? Hapo mama huanika mihogo na maharagwe, watoto hucheza, wageni hupokewa. Nayo kazi hii si ya mwezi mmoja. Yaweza kuchukua miaka. Kwa hiyo kijana asilete hata ubao mmoja kabla ya kuketi na baba na mama na kupatana nao: atachukua upande gani, na kwa muda gani.

Kisha apime mlango. Wilbur na Orville Wright, mafundi wa baisikeli wa Dayton, Marekani, walipounda eropleni yao ya mwaka 1903, sehemu ya kati ya mabawa iliziba njia kutoka chumba cha nyuma hadi dukani. Mteja akija, iliwabidi watoke nje na kuizunguka nyumba ndipo wamhudumie! Mabawa hayo, ncha hata ncha, yalipita mita 12. Chumba gani cha kwetu kingeyameza? Ndiyo maana hawakuyaunga mjini. Walipeleka vipande hadi pwani, karibu na Kitty Hawk, wakaviunga katika banda, na tarehe 17 Desemba wakaruka, mara ya kwanza kwa sekunde 12 tu.

Basi kwetu pia banda refu la mabati, lenye nafasi ya bawa moja na ya fundi kupita kando, lafaa kuliko uwanja mpana usio na paa. Mvua za milima yetu mwazijua: ubao ukilowa hupinda, na gundi haishiki. Sakafu iinuliwe. Mkaratusi tuuache kwa chukudu, maana ni mzito mno kwa bawa. Hao ndugu wawili walitumia miti myepesi na kitambaa cha pamba. Petroli na rangi zisilale kamwe katika nyumba wanamolala watoto, wala karibu na jiko la makaa.

Na kuruka? Hapo hakuna mzaha. Pasipo ruhusa ya serikali chombo kisiondoke chini, hasa upande wa Beni, ambako tangu mwaka 2014 watu wameuawa kwa maelfu, na mlio mgeni angani huwatia hofu raia na askari pia.

Mwenye hamu aanze na ubavu mmoja wa bawa. Huo watosha juu ya meza ya kulia, baada ya chakula cha mchana, mama akikubali.