Ramani yangu ilikosa reli

Somo kubwa la shahada yangu ya uzamili ya usanifu wa habari nililipata nje ya darasa, huku Laini Saba, kijiji cha Kibera jijini Nairobi, nilikolelewa. Kazi yangu ya mwisho ilikuwa ramani ya vituo vya maji: samawati iliyofifia, herufi nyembamba, kaskazini juu. Darasani ilisifiwa. Nilipompelekea mama mmoja anayeuza maji, aliigeuza, akaigeuza tena, halafu akaniuliza, "Sasa reli iko wapi, mwanangu?"

Sikuwa nimeichora! Na huku kwetu mtu huelekezwa kwa reli: unavuka, unashuka, unauliza. Mama akachovya kidole majini, akachora mstari mrefu juu ya ubao wa kibanda chake, kisha akaweka vifuniko vya mitungi ya lita 20 mahali penye mifereji. Ramani yake niliielewa papo hapo.

Niliirudia kazi nzima. Ndipo nikaona uzito wa mradi wa Map Kibera wa mwaka 2009, Erica Hagen na Mikel Maron walipowafunza vijana wa vijiji vya Kibera kutumia GPS na kuchora mtaa wao wenyewe, wakati ramani za mtandaoni ziliuonyesha karibu mtupu.

Walimu wa vyuo vyetu, nawasihi: wapeni wanafunzi hata wiki mbili mtaani kabla hawajafungua kompyuta. Mimi nilienda alasiri moja tu, tena ramani ikiwa imeshachapishwa.