Tuiulize Namba Kabla ya Kumshitaki Mtu

Namba kubwa humtisha mtu asiyeijua ndani yake. Leo na tuifungue moja: 3,603,600.

Tuseme akina mama 11 wa mtaa wa Mapendo, hapa Goma, wana mfuko wa akiba. Kila juma kila mmoja hutia faranga 6,300. Majuma 52 yakiisha, kila mmoja ametia 327,600, na jumla yao wote ni 3,603,600. Siku ya kugawana, daftari linasema 6,303,600. Sandukuni zimepungua faranga 2,700,000! Macho yote yanamgeukia mama mtunza fedha. Je, ameiba?

Kwanza tuzipime namba zote mbili kwa 11. Tuanzie kuume, tujumlishe tarakimu kwa kuruka moja moja. Katika fedha za sandukuni twapata 0+6+0+3, yaani 9. Zile zilizorukwa, 0+3+6, nazo ni 9. Hesabu hizi mbili zikilingana, namba yagawanyika kwa 11 bila baki. Katika daftari twapata 12 na 6. Tofauti ni 6, basi haigawanyiki. Lakini watu 11 waliotia sawasawa hawawezi kuleta jumla isiyogawanyika kwa 11. Daftari ndilo lenye kosa.

Kosa gani? Tuitazame ile tofauti, 2,700,000. Yagawanyika kwa 9. Tarakimu mbili zikibadilishana mahali, tofauti hugawanyika kwa 9 daima. Tisa peke yake si shahidi wa kutosha, maana hata mwizi aweza kuchukua 900. Lakini hutuonyesha pa kutafuta. Na tazameni: mwandishi aliandika 63 mahali pa 36. Mama yule hana hatia.

Namba hii ina sifa nyingine. Ni 3,600 mara 1,001, na 1,001 ni 7 mara 11 mara 13. Kwa hiyo hugawanyika kwa kila namba tangu 1 hata 16. Kwa 17 hushindwa: hubaki 8.

Namba 11, 13 na 17 ni namba tasa, zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe. Katika jimbo letu hili la Kivu Kaskazini, huko Ishango kwenye Ziwa Edward, Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimbua mwaka 1950 mfupa wa miaka ipatayo 20,000. Safu yake moja ina mikato 11, 13, 17 na 19. Wataalamu hawajapatana juu ya maana yake. Mikato yenyewe yahesabika hata leo.

Ninyi wanafunzi, msiiache hesabu darasani. Kabla ya siku ya kugawana, keti na mama yako, mfungue daftari pamoja, mjumlishe upya na kupima. Kosa likionekana mapema ni kazi ya kalamu tu. Likionekana mbele ya watu wote, huharibu jina la mtu.