MAONI YA MHARIRI: GUGU KAROTI LING'OLEWE KABLA YA MAUA



Mvua za kwanza zimenyesha na kila mtu ameshika jembe lake. Vizuri. Lakini hebu tazameni kando ya barabara kutoka mnadani hadi ghala la ushirika, na ule mchanga wa ujenzi uliomwagwa nyuma ya ghala. Kuna miche yenye majani kama ya karoti, imelala chini imetandaa kama sahani. Watoto wanairuka, wakubwa tunaipita. Hilo ndilo gugu karoti, na sasa limefika mlangoni.

Gugu hili si la kwetu. Asili yake ni nchi za joto za Amerika. India linawasumbua wakulima tangu miaka ya 1950, na Kenya na Ethiopia limekaa miaka mingi. Hapa Tanzania liliripotiwa mwaka 2010, katika mkoa wetu huu wa Arusha. Mbegu zake hupanda magari, hushika matope ya matairi na kwato, hujificha katika mchanga, samadi, majani ya mifugo na mbegu zisizosafishwa.

Wako wanaosema, "Aa, hilo ni jani la msimu tu, jua likiwaka litakufa." Kweli litakufa. Lakini ugomvi wetu si na mti, ni na mbegu. Likipata unyevu, gugu hili huweza kutoa maua baada ya wiki nne hivi. Mche mmoja mkubwa huweza kutoa mbegu 15,000 na zaidi, na zikifukiwa udongoni hukaa hai miaka kadhaa. Basi anayelifyeka mbegu zikiwa zimekomaa, huyo amelisaidia kupanda.

Mwenye kudharau jani la msimu mmoja na asikie yaliyowapata wafugaji wa nchi kavu za magharibi ya Marekani. Mwishoni mwa karne ya 19 liliingia huko jani la msimu liitwalo cheatgrass, mbegu zake zimechanganyika na nafaka. Mifugo ilikuwa imekwisha maliza nyasi za asili, ardhi iko wazi, jani hilo likajaza nafasi. Huota mapema, hunywa maji kabla ya wenzake, hukauka mapema na kushika moto upesi. Moto ukipita vichaka vya asili hufa, lakini lenyewe huota tena kwa mbegu. Leo limeenea katika mamilioni ya ekari.

Gugu karoti silo jani lile, lakini mlango wa kuingilia ni ule ule: ardhi iliyo tupu. Na hasara yake tunaijua. Hunyang'anya mahindi maji, na sumu yake hudumaza mimea jirani. Ng'ombe hulikwepa, lakini akilila kwa njaa maziwa huwa machungu, na akizidisha anaweza kufa. Mtu akiligusa mara kwa mara ngozi humwasha na kutoka vipele. Chavua yake huleta mafua na pumu.

Sasa jamani, kila mmoja anapalilia shamba lake na kusema barabara ni ya serikali, lambo ni la kijiji, ghala ni la ushirika. Mbegu haijui mpaka wa shamba. Gugu la barabarani mwaka huu ni gugu la shambani kwako mwakani. Kwa hiyo tunapendekeza:

1. Kila Jumamosi asubuhi, tangu sasa hadi mwisho wa mvua, kila kitongoji kitoe watu wa kung'oa barabarani, lamboni na ghalani. Ling'olewe na mzizi wake, ardhi ikiwa na unyevu. Mikono ifunikwe, na pua zifungwe kitambaa. Watoto na wenye pumu wasishiriki.

2. Lililokwisha toa maua lisiburutwe njiani. Litiwe guniani, likaushwe, lichomwe shimoni.

3. Halmashauri ya ushirika isipokee mchanga, samadi wala mbegu bila kukagua vitokako. Mchanga ule wa nyuma ya ghala uangaliwe kila baada ya mvua, maana mbegu zilizomo hazitaota zote siku moja.

4. Malisho yapumzishwe kwa zamu ili nyasi zetu zifunike ardhi. Nyasi zilizoshikana vizuri hazilipi gugu nafasi.

Nchi nyingine zinatumia wadudu wanaokula gugu hili, na ni msaada mzuri. Lakini sisi tusikae kungoja mdudu na mikono tunayo.

Miche bado midogo, haijatoa maua. Wiki chache zijazo maneno haya yatakuwa yamechelewa. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Jumamosi saa moja asubuhi tukutane ghalani, kila mtu na jembe na gunia lake.

Mhariri