Dhamana ya Simu Iandikwe kwa Kiswahili

Hivi majuzi fundi mmoja mjini Machakos alinibadilishia programu ya simu. Ikazima, isiwake tena. Kwa kuwa dhamana ilikuwa haijaisha, niliirudisha dukani nikadai nyingine. Nikaonyeshwa sharti la Kiingereza kizito, kwa herufi ndogo mno: programu ikibadilishwa, dhamana imefutika.

Kosa ni langu, nakiri. Lakini ikiwa mimi mhadhiri wa isimu sikulisoma, mkulima wa Mwala asiyejua Kiingereza afanyeje? Katiba ya 2010, kifungu cha 46, yampa mnunuzi haki ya kupata habari za bidhaa. Kifungu cha 7 chakifanya Kiswahili lugha rasmi. Basi masharti yaandikwe kwa Kiswahili. Nasi walimu tuwafunze wanafunzi kuyasoma kabla ya kulipa.